Hamu ya Valheim ikikatikia kwenye kinamasi, msianze dunia mpya

Mkuu, unasema mnacheza Valheim, gemu la kompyuta la kujenga na kupambana ili kuishi, mkiwa wawili, wewe Moshi na mwenzako Arusha. The Elder, jitu kuu la msituni, mmeshamuua, ufunguo wa makaburi ya kinamasi mnao, ila sasa hakuna anayetaka kuwasha kompyuta na mnawaza kuanza upya. Mkianza upya mtarudia kuwinda kulungu na kukata miti, halafu mtakwama palepale.

Wengi husema kinamasi ni kigumu mno. Sikubaliani nao. Kinachochosha pale ni ubebaji. Chuma chakavu, kinachochimbwa ndani ya makaburi, hakipiti kwenye potali (milango ya kuhama papo hapo), kila kipande kina uzito wa 10, na mtu anabeba 300 tu, humo humo silaha, mavazi na chakula. Mkanda wa Megingjord, anaouza mchuuzi Haldor kwa sarafu 950, unafikisha 450. Kama hamna, huo ndio wa kutafuta kwanza.

Halafu punguzeni mahitaji. Wawili mkitaka kila mtu rungu la chuma (20), sururu (20) na suti kamili ya kujikinga (60), hiyo ni chuma 200, na hapo ndipo roho inapokata. Tengenezeni marungu mawili na sururu moja ya kupokezana: 60. Rungu ni kwa ajili ya Bonemass, jitu kuu la kinamasi, maana anaumizwa na kipigo butu, huku mishale ya kawaida haimsumbui. Sururu ni ya kuchimbia fedha mlimani. Suti ya chuma iacheni. Ni nzito, inawapunguzia mwendo, na mkifika mlimani mtaibadilisha kwa ya ngozi ya mbwa mwitu.

Hizo 60 msizisafirishe. Vyuma ghafi havipiti potali, lakini silaha iliyokamilika inapita. Jengeni karakana ukingoni, upande wa msitu, msiiweke ndani ya kinamasi. Tanuru la kuyeyushia linataka mawe 20 na viini 5 vya Surtling (viumbe vya moto). Meko ya mhunzi ni mawe 4, mkaa 4, mbao 10 na shaba 6. Ongezeni fuawe (mbao 5, bronzi 2) yafike daraja la 2, bila hivyo rungu la chuma halitengenezeki. Hiyo shaba na bronzi ndivyo pekee vitakavyopanda mashua. Mkaa na viini vinapita potali. Kila kipande kinakula mkaa 2, kwa hiyo andaeni 120 nyumbani, ambao ni mbao 120 kwenye tanuru la mkaa. Mkilazimika kusafirisha, safirisheni chakavu kabla ya kuyeyusha: kikishayeyushwa uzito unapanda hadi 12.

Dawa ya sumu msiende bila. Asali 10, Thistle 5 (mmea wa msituni), mkia 1 wa Neck (kiumbe kama mjusi) na mkaa 10. Ikichachuka mnapata chupa 6.

Jingine ni umeme. Dunia ikiwa kwenye kompyuta ya mwenzako, Arusha kukiwa giza wewe huna pa kuingia. Ila mhusika wako anabeba mzigo wake kutoka dunia moja hadi nyingine, hivyo fungua dunia yako ya pembeni, kusanya mbao, asali na ngozi, umpelekee mwenzako pindi umeme utakaporudi. Naye azoee kuhifadhi mwenyewe kwenye menyu kila mkitoka kaburini, asingoje gemu lihifadhi lenyewe.

Na kama hata hizo 60 mnaziona nyingi, tangu sasisho la Hildir's Request la 2023 dunia ileile inabadilishwa masharti: kabla ya kuianzisha, mwenye dunia afungue vigezo vyake, potali aziweke ziruhusu kila kitu, rasilimali azipandishe hadi mara 1.5. Kuna watakaosema huko ni kuiba mtihani. Waacheni wapige makasia.