Filamu na muziki wa nyumbani bila kula mega

Tuna ruta ya 4G, kompyuta ya mkononi ya zamani (Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8) na diski ya nje iliyojaa filamu na nyimbo. Nataka televisheni ya sebuleni na simu za watoto zichukue humo kwa Wi-Fi. Je, mega (data ya intaneti tunayonunua) hazitaisha? — Mama wa Katuba, Lubumbashi

Hazitaguswa, mama. Ruta ina kazi mbili ambazo wengi huzichanganya: kuunganisha vifaa vya nyumbani vyenyewe kwa vyenyewe, na kuvitoa nje kwenye intaneti. Filamu inayotoka kwenye kompyuta yako kwenda sebuleni hupita njia ya kwanza tu. Hata laini ya ruta isipokuwa na mega moja, filamu itacheza.

Kompyuta hiyo usiiuze ili ununue kisanduku kipya. Ina betri yake, na hapa kwetu hilo ni jambo kubwa: delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ikija, diski ndogo inayokula umeme kupitia USB haizimiki katikati ya kuandika. Hakikisha tu betri bado inashika walau nusu saa.

Weka programu ya Jellyfin, inayogawa filamu na nyimbo za kompyuta kwa vifaa vingine vya nyumbani. Ni ya bure kabisa, na akaunti zake hukaa ndani ya kompyuta yako. Plex, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ni nzuri, lakini tangu mwanzo inataka akaunti ya mtandaoni, na mahali ambapo intaneti hukatika hilo linachosha. Ukishaiweka, fungua kivinjari kwenye kompyuta hiyo hiyo, andika localhost:8096, chagua jina na nywila, kisha tengeneza maktaba mbili: ya filamu na ya muziki. Hapo usiharakishe. Jellyfin hupenda kupakua picha za majalada na maelezo ya kila filamu, na huko ndiko mega zinakoweza kwenda kweli. Ondoa alama kwenye vyanzo vyote vya taarifa vya mtandaoni kabla ya kuhifadhi. Kila filamu iwe na folda yake yenye jina na mwaka kwenye mabano. Vipindi vya mfululizo viandikwe kwa mtindo wa S01E02 (msimu wa 1, kipindi cha 2), la sivyo vitachanganyika.

Halafu ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani kwa vifaa), uitengee kompyuta anwani ya kudumu, kwa mfano 192.168.1.50 (namba tatu za kwanza zifuate zile za ruta yako). Simu na televisheni zitafungua 192.168.1.50:8096. Usipofanya hivyo, siku umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa kompyuta namba nyingine, na nyumba nzima itasema mtambo umekufa. Zima pia usingizi wa kompyuta, hata kifuniko kikifungwa.

Simu ikikataa kuiona kompyuta, angalia haya kabla ya kufuta chochote. Windows ikiuliza kuhusu ngome yake ya ulinzi, iruhusu Jellyfin kwenye mtandao binafsi. Watoto wasiwe kwenye Wi-Fi ya wageni, kwa sababu hiyo huvitenga vifaa visionane. Ruta nyingine zina kitufe cha kutenga hata kwenye Wi-Fi ya kawaida. Kisha kuna tabia ya Android: ikiona Wi-Fi haina intaneti, inaweza kurudi kwenye data ya simu kimyakimya. Ikiuliza kama ibaki, jibu ibaki. Isipouliza, zima data ya simu. Chromecast, kwa upande wake, inahitaji intaneti ili ianze, kwa hiyo usiitegemee. Televisheni yenye Android TV iwekee Jellyfin moja kwa moja. Isiyo na akili yoyote, iunganishe na kompyuta kwa kebo ya HDMI.

Nimeshaweka Jellyfin. Filamu nyingine zinapita vizuri, nyingine zinasimama kila dakika. Ni Wi-Fi? — Msomaji wa Kamalondo

Huenda siyo. Filamu ikiwa inacheza, fungua dashibodi ya Jellyfin. Ikionyesha kwamba inabadilisha video, na prosesa iko karibu na 100%, kosa ni la fomati. Mara nyingi faili hizo ni za H.265, fomati ya kubana video iliyo mpya kuliko H.264, na televisheni haiijui, basi kompyuta inalazimika kuigeuza papo hapo. Chipu za Intel za kizazi cha nne hugeuza H.264 kwa urahisi, lakini H.265 hazina sehemu ya kuifungua. Prosesa hubeba mzigo wote (mama wa Katuba, hili linakuhusu pia). Tiba ni kuzigeuza mapema kwa programu ya HandBrake: H.264, ubora RF 21, sauti AAC stereo, faili la MP4. Faili litakuwa kubwa zaidi na kazi itachukua saa nyingi, kwa hiyo ianze usiku ambao umeme una uhakika.

Manukuu (maandishi ya chini ya filamu) nayo huleta balaa hilo hilo. Yale yaliyo picha, ya kutoka Blu-ray, huilazimisha kompyuta kuyachora juu ya video. Tumia faili la SRT, ambalo ni maandishi matupu, lililohifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8. Likiwa na usimbaji mwingine, kila é ya Kifaransa itageuka alama za ajabu.

Ikiwa dashibodi inasema video inachezwa moja kwa moja, hapo ilaumu Wi-Fi. Filamu ya kawaida ya 1080p inataka megabiti 5 hadi 10 kwa sekunde, lakini kompyuta na televisheni zikiwa zote kwenye Wi-Fi, kila kitu hupita hewani mara mbili. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya mtandao ya Cat 5e. Hatua hiyo moja huponya nyumba nyingi. Kwenye GHz 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wameiacha.

Faili la GB 5 linakataa kuingia kwenye flashi ya GB 32. — Kijana wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Flashi yako imeformatiwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja la GB 4 au zaidi. Iformati upya kwa exFAT, lakini toa vyote vilivyomo kwanza.

Betri ya 12 V, Ah 100, na inverta: tutaangalia saa ngapi? — Baba wa Ruashi

Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, baba, itakufa mapema. Una basi Wh 600 (nusu ya 12 × 100). Televisheni ya LED ya inchi 32 hula kama W 45, kompyuta W 20, ruta W 8: jumla W 73, na upotevu wa inverta huifikisha W 86 hivi. Ni karibu saa 7. Muziki tu, televisheni ikiwa imezimwa, utafika saa 18. Ruta ya 12 V usiiunganishe uchi na betri: wakati wa kuchajiwa betri hupanda hadi 14.4 V. Pitisha kwenye kidhibiti kinachotoa 12 V thabiti, cha kupandisha na kushusha volti, na weka fyuzi karibu na nguzo chanya ya betri.