Binti karudishwa kwa hijabu: je, kwenda kortini ni kumfuata taghuti?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Binti yangu wa kidato cha pili amerudishwa nyumbani kwa sababu ya hijabu. Wakili mmoja Mkristo amejitolea kutusimamia bure. Ustadhi wa mtaani ananiambia korti ya serikali ni taghuti, yaani mwenye kuhukumu kinyume cha sheria ya Mwenyezi Mungu, nimtoe binti shule akae nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mamangu, inajuzu kwenda kortini, na wakili huyo mkubali.

Ustadhi ameshika aya ya 60 ya Suratun-Nisaa, inayowalaumu wanaotaka kuhukumiwa na taghuti. Hiyo yawasema wanafiki waliokuwa na Mtume (s.a.w.) yu hai kati yao, wakaipa mgongo hukumu yake. Wewe umeipa mgongo hukumu ya nani? Kadhi wetu Kenya, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena pande zote ziwe za Waislamu. Kadhi hawezi kumwita mwalimu mkuu wa shule. Basi ustadhi atwambie haki hii ikadaiwe wapi, sokoni? Nabii Yusuf (a.s.) alipoitwa atoke gerezani alikataa kwanza. Alimrudisha mjumbe kwa mfalme asiyekuwa wa dini yake, akaulize habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka kesi yake ichunguzwe. Naye tuseme alimfuata taghuti?

Na huyo wakili asiye Mwislamu, kumbuka Hilful-Fudhul, kiapo cha kuwatetea waliodhulumiwa. Washirikina waliapa nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an kumtetea mfanyabiashara wa Yemen aliyedhulumiwa Makka. Mtume alihudhuria kabla ya utume, na baadaye akasema lau angeitiwa mfano wake katika Uislamu, angeitikia.

Wapo wasemao Mahakama ya Juu ilishapiga hijabu marufuku 2019. Si kweli. Kesi ile ya hijabu shuleni Isiolo ilianguka kwa jinsi ombi la mzazi lilivyowasilishwa, na mlango wa kuanza upya ukaachwa wazi.

Ila anza na bodi ya shule, uende na wazazi wenzako, mdai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 chawapa haki hiyo. Ulimi uchunge: mnachopinga ni kanuni ya shule, si majirani zenu Wakristo. Wakikataa, kifungu cha 22 chasema kufungua kesi ya haki za msingi hakutozwi ada.

Kumtoa shule, hapana. Ustadhi huyo huyo mkewe akishikwa na uchungu atataka daktari wa kike. Daktari huyo atatoka jikoni kwa nani? Mtafutie binti shule nyingine inayomruhusu wakati mnasubiri, na ikikosekana nirudie tuzungumze.

Wallahu a'lam.