Maswali ya Wasomaji: Mizinga ya Invincible

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba manowari ya Uingereza Invincible ilikuwa na mizinga iliyowasumbua mabaharia wake kwa miaka kadhaa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Naomba kuelezwa tatizo lilikuwa nini, na kama mizinga hiyo ilipata kufaa kitu kabla meli haijazama. Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo halikuwa katika mizinga yenyewe, bali katika mitambo ya kuizungusha. Invincible, iliyoshushwa majini mwaka 1907, ilibeba mizinga minane yenye kipenyo cha sentimita 30.5, ikiwa miwili miwili katika minara minne ya chuma inayozunguka, na kila kombora lilikuwa na uzito wa kilo 386 hivi. (Aliyepata kuuona mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg pale Fort Jesus, Mombasa, alinganishe: ule una kipenyo cha sentimita 10.5 tu.) Manowari nyingine za Kiingereza ziliizungusha minara yao kwa nguvu ya maji yaliyoshindiliwa ndani ya mabomba, lakini katika Invincible iliamuliwa kujaribu umeme, na kampuni za Vickers na Armstrong zikapewa kazi hiyo kila moja kwa usanifu wake. Majaribio ya mwaka 1908 yalikuwa mabaya: minara ilizunguka polepole na umeme ulikatika mara kwa mara. Marekebisho yaliyofuata hayakutosha, hata mwaka 1914 mitambo ya umeme ikang'olewa na kuwekwa ya maji. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kuijaribu teknolojia changa katika meli ambayo taifa lilikuwa linaitegemea.

Kuhusu kulenga, mlingotini palikuwa na kipima umbali cha Barr and Stroud, ambacho vipimo vyake vilipelekwa katika chumba maalumu cha hesabu chini ya sitaha, kwa kuwa kombora huchukua sekunde nyingi kufika na adui hasimami kulisubiri.

Tarehe 8 Desemba 1914, karibu na visiwa vya Falkland, kusini mwa Atlantiki, Invincible pamoja na meli mwenzake Inflexible ziliwakabili Wajerumani wa Admirali von Spee, zikazizamisha manowari zao Scharnhorst na Gneisenau. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini ulichukua mchana mzima, tangu saa saba hadi saa kumi na mbili jioni. Invincible peke yake ilifyatua makombora 513, kwani Waingereza walipigana kutoka mbali ili mizinga midogo ya adui isiwadhuru, na moshi wa meli zao wenyewe ukawafumba macho walenga shabaha. Invincible ilipigwa mara 22, wala hakufa mtu ndani yake.

Siku iliyopiga vizuri kuliko zote ndiyo iliyozama. Mwezi Mei 1916 kikosi chake kilikuwa kimepelekwa Scapa Flow, kituo cha manowari za Kiingereza kaskazini mwa Uskoti, kufanya mazoezi ya shabaha, na matunda ya mazoezi hayo yalionekana tarehe 31 katika vita vya Jutland, karibu na Denmark, ambako kwa dakika chache Invincible na Inflexible ziliipiga manowari ya Kijerumani Lützow makombora manane, baadhi yakiitoboa chini ya usawa wa maji, hata Wajerumani wakalazimika kuizamisha wenyewe usiku ule. Lakini saa kumi na mbili na dakika 34 jioni, muda mfupi baada ya ukungu kufunguka na kuiweka wazi Invincible, kombora lilipenya mmoja wa minara yake ya katikati, moto ukashuka hadi ghala la baruti, na meli ikakatika vipande viwili. Bahari mahali pale si ya kina kirefu, kwa hiyo ncha zake mbili zilibaki zimesimama juu ya maji. Walikufa watu 1,026, akiwamo Admirali Hood, mkuu wa kikosi hicho. Wakaokolewa sita tu, mmoja wao Kamanda Dannreuther, afisa wa mizinga, aliyekuwa juu mlingotini akiongoza ufyatuaji.