Babu anapiga kwa vidole viwili: niandike nota au tabulatura?

SWALI: Mwalimu, babu yangu wa Khwisero hupiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kwa omutibo, mtindo wa zamani wa magharibi mwa Kenya, kwa gumba na kidole cha shahada tu. Nimemrekodi kwa simu na nataka kuziandika nyimbo zake zisipotee. Nitumie nota au tabulatura? Tena kila nikigawa mizani, yaani vipande vya mapigo sawa, uimbaji wake unaanza mahali pasipoeleweka.

JIBU: Tumia zote mbili, tabulatura (mistari ya nyuzi yenye namba za freti, yaani vigawanyo vya shingo ya gitaa) ikae chini ya nota. Nota itakwambia sauti ni C, lakini haisemi imepigwa wapi. C hiyo hiyo, kwa tyuning (namna nyuzi zilivyokazwa) ya kawaida, iko uzi wa pili freti ya kwanza, na iko uzi wa tatu freti ya tano. Kwa mpigaji wa vidole viwili hapo ndipo penye utamu wote: sauti ikihamia uzi mwingine, kazi ya shahada inaweza kumwangukia gumba, na mtindo wa babu umekwisha. Tabulatura tupu nayo huonyesha mahali bila kusema sauti idumu kiasi gani. Programu ya MuseScore ni ya bure na huandika zote kwa pamoja. Nota za gumba zipe vijiti vya kushuka, za shahada vya kupanda.

Juu ya ukurasa andika tyuning, uzi kwa uzi, na kapo, kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, ikiwepo, hata kama ni penseli iliyofungwa kwa mpira. Mwombe babu agonge kila uzi mtupu mwanzoni mwa rekodi. Bila hivyo utahangaika na freti ambazo hakuzigusa kabisa.

Sasa mizani. Usiitafute kwenye uimbaji. Sikio lililolelewa na kwaya hutaka mstari wa mizani uanguke pale neno linapoanza, na mzee hana habari na hilo. Tazama mguu wake. Kama yupo mtu wa kumgongea chupa ya soda, mrekodi pamoja naye, maana chupa haifichi pigo. Andika mguu au chupa kwa alama za x kwenye mstari wake chini ya tabulatura, ndipo uchore mizani. Uimbaji ukiingia nusu pigo mapema, uache hapo hapo ulipo.

Wala usisake toleo moja "sahihi". Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa wa Kongo Mwenda Jean Bosco akipiga "Masanga" mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mtaalamu wa muziki David Rycroft akachapisha uchambuzi wa upigaji wa Bosco, kwa nota, 1961 na 1962, na kilichomshughulisha hasa ni namna Bosco anavyobuni papo kwa papo. Kwa hiyo andika mzunguko mmoja wa msingi kwa ukamilifu, kisha mageuzi yake, kila moja na dakika ya rekodi linaposikika. Wimbo mzima nota kwa nota utajaza kurasa ambazo hakuna kijana atakayezipiga.

Uimbaji unaweza kuuandika kwa solfa (do, re, mi), maana wanakwaya wengi wa kwenu wanaisoma. Maneno yabaki kwa Kikisa, lugha ya babu, tafsiri pembeni. Jina la babu liwe kwenye kila karatasi, na umwombe ruhusa kabla hujamgawia mtu yeyote.

Ukikwama, nitumie nusu dakika ya video ya mwendo wa polepole, kamera ielekee mkono wa kulia na mguu uonekane.