Stika ya vepu inainuka kwenye kona

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini stika ya vepu yako, yaani sigara ya kielektroniki, inainuka kona. Hapo Mikindani joto na unyevu wa bahari vinachangia, lakini stika kuinuka kona mara nyingi ni mafuta ya vidole. Toa betri, futa bodi ya nje ya vepu kwa spiriti, iache ikauke kabisa. Bandika kuanzia katikati, ukisukuma hewa pembeni kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Kona zipashe kidogo kwa draya ya saluni, kisha zikandamize mpaka zipoe. Betri yako haitoki? Draya sahau, usiipashe moto betri; tumia vidole tu. Matundu ya hewa na ya chaji usiyazibe, hata kama ua lililochorwa kwenye stika litakatika vibaya. Ila ganda la betri lenyewe, ile plastiki nyembamba inayoifunika, likichanika, usibandike chochote juu yake. Acha kuitumia, muone fundi.