Unataka kutembea kisiwani na uko Mwanza? Anzia Saanane

Sisi watu wa Mwanza tuna mambo, mtu anajichanga mwaka mzima akapande milima huko kaskazini wakati Saanane, kisiwa cha hifadhi hapo Ziwa Victoria, anaiona kila siku na hajawahi kuikanyaga. Mi nasema anzia hapohapo. Boti unapandia Capri Point kwenye ofisi ya hifadhi, dakika chache tu umeshashuka.

Kisiwa ni kidogo jamani, hifadhi nzima pamoja na maji yake ni kilomita za mraba 2.18, kwa hiyo usije umejiandaa kutembea kutwa. Kinachochosha pale sio umbali, ni mawe. Njia inakupitisha kwenye majani, mara unapanda mwamba, unashuka, unapanda tena, na yale mawe jua la saa sita likishayapiga yanachoma huku na mwanga nao unakurudia usoni, kofia yenyewe haisaidii sana. Nenda na boti ya asubuhi. Vaa raba yenye soli inayoshika, yeboyebo ziache nyumbani kabisa, maana mwamba wenye umande unateleza vibaya. Na faida ya asubuhi ni kwamba mijusi kafiri wanakuwa wametoka kuota jua, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, na pimbi wamejazana kwenye nyufa. Swala pala utawaona hata usipowatafuta. Chakula weka ndani ya begi ufunge zipu, tumbili huwa hawaombi.

Ukifika juu kwenye mawe kaa, usikimbilie selfi. Unaona mji wote, nyumba zilivyong'ang'ania vilimani, hospitali ya Bugando kule juu, boti za wavuvi zinarudi. Kuogelea sahau, mamba wapo, halafu kichocho cha ziwa hili sio hadithi.

Miguu ikishazoea panda meli ya kwenda Nansio, ni kama saa tatu hivi, ukatembee kisiwa cha Ukerewe. Kule hakuna njia ya watalii iliyochorwa, unafuata tu vijia vya mashambani kati ya mihogo na michungwa mpaka Bukindo kwenye jumba la zamani la machifu, na ukipotea unamsalimia mzee yeyote anakuelekeza, tena anaweza kukusindikiza kabisa. Mi naipenda kuliko Saanane kusema kweli, ila inataka ulale.

Kisiwa cha Rubondo ni habari nyingine, msitu mkubwa, una nzohe, wale swala wa kwenye majimaji, na sokwe ambao babu zao waliletwa miaka ya 1960 kutoka Ulaya, na huwezi kuzurura mwenyewe, lazima uwe na askari wa hifadhi. Hela inatoka hapo, so nendeni kikundi mgawane gharama za boti. Masika msijaribu, njia inakuwa tope tupu na ziwa likichafuka boti haiondoki, mtakaa ufukweni mnaangaliana.