Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye dayodi

Dayodi ni kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na iliyoandikwa 1N4007 inatakiwa ihimili volti 1000 za kinyume. Inatakiwa. Ukiinunua rejareja huku mjini Mombasa, au ukiing'oa kwenye TV kuukuu, huna hakika. Mita peke yake haikusaidii: kwenye alama ya dayodi hutoa volti chache tu, kwa hivyo inayovunjika (yaani inayoanza kupitisha umeme kinyume) kwa 50 na inayovunjika kwa 1200 zote zitakusomea 0.6 upande mmoja na patupu upande wa pili.

Mimi huazima mega, ile inayotoa volti nyingi ambayo mafundi wa waya hupimia insulesheni. Chanya ya mega naipitisha kwenye rezista tano za kilo-ohm 220 zilizofuatana, kisha upande wa dayodi wenye mstari; hasi upande wa pili. Usiweke rezista moja ya mega-ohm 1, kwani zile ndogo za robo wati aghalabu hazistahimili zaidi ya volti 250. Mita, iwe ya volti 1000, naishika kwenye ncha mbili za dayodi kwa klipu. Wala si kwa vidole! Ukimaliza, subiri mita ishuke hadi sifuri ndipo uguse.

Anza na mega kwenye volti 500, kisha 1000. Mita ikisoma 300 mara zote mbili, dayodi inavunjika hapo. Ikipanda kadiri unavyopandisha, haijavunjika; na usishangae kuona kama 900 badala ya 1000, mita yenyewe hunywa umeme kidogo. Ikipanda lakini chini sana ya hapo, inavujisha. Huku pwani ifute kwanza kwa spiriti uipime tena, maana jasho la vidole na chumvi ya bahari hupitisha umeme juu ya ganda.

Zena, dayodi iliyoundwa ivunjike kwa volti maalumu, ni rahisi: betri mbili za volti 12 zilizofuatana na rezista ya kilo-ohm 2.2 zinatosha kwa zena za hadi volti 20 hivi.

Stima yetu ya 240 hufika kilele cha takriban 340, na dayodi moja yenye kapasita mbele yake hukutana na karibu 680 za kinyume. Isiyofika 800 siiweki huko. Naitia kwenye chaja za betri za 12, na kwa kazi hiyo hata ya volti 100 inatosha.